Utakapoanguka

Nzisa alikuwa Dagoretti Corner akipanga viatu vyake vya mtumba, fundi wa mbao akampita na kiti kichwani. Mguu wa kiti ukamvua kilemba.

"Wewe! Unapeleka wapi kilemba changu?"

"Pole, mrembo. Natafuta mtu wa kukalia hiki kiti. Naona Mungu ameshanichagulia."

Nzisa alicheka bila kupenda. Fundi huyo, Dalmas, alivaa shati la samawati lililopigwa pasi, na mikono yake ilitetemeka kidogo. Hakumficha: alikuwa ameacha pombe, na alikuwa kwa matibabu.

Mapenzi yalipokolea, Nzisa alimsindikiza kliniki. Daktari hata hakuinua macho.

"Endelea na dawa. Utakapoanguka tena, uje mapema."

Hakusema ukianguka. Alisema utakapoanguka, kama mtu anayetaja sikukuu inayokuja. Nzisa alilisikia neno hilo. Daktari amesoma, nani angembishia?

Lakini neno lile halikubaki kliniki. Kila Dalmas alipomkumbatia, pua ya Nzisa ilitafuta harufu ya pombe shingoni mwake.

"Nzisa, unanikumbatia ama unaninusa?"

Nzisa akamwachia. Dalmas akachukua koti lake akaenda zake.

Jumapili, watu wakitoka ibada, simu ya Nzisa ikalia. Sauti ya Dalmas ilikuwa nzito.

"Nimeanguka, mpenzi. Si nyinyi wote mlikuwa mnangoja?"

"Uko wapi?"

"Kabiria. Usikuje."

Alienda. Alimkuta nje ya baa, ameketi kando ya mtaro, koti limejaa matope. Nzisa akaketi papo hapo na rinda lake jeupe la kanisa.

"Utachafuka, wewe."

"Wacha nichafuke. Nilimwamini yule daktari kuliko wewe, Dalmas. Nisamehe."

Dalmas akalia kama mtoto. Nzisa akaomba kimoyomoyo.

Kesho yake walienda kwa daktari mwingine, mama wa makamo. Alimtazama Dalmas usoni, akamuuliza kazi yake, akabadilisha dawa.

"Nimeona wengi wakipona, na wewe nakuweka kati yao. Utakapokuja tena, uniletee picha ya kiti ulichotengeneza."

Huko nje mikono ya Dalmas bado ilitetemeka. Safari ilikuwa ndefu, na wote wawili walijua.

"Nzisa, ukikubali nikuoe..."

"Sema vizuri."

"Nimekosea wapi tena?"

"Sema, utakapokubali."

Dalmas akamgeukia. "Utakapokubali nikuoe, nitakutengenezea kiti kisichovua watu vilemba."

Nzisa akamkumbatia palepale barabarani, na pua yake haikutafuta kitu.