Dumu la Matundu Kumi na Moja

Kila asubuhi, baada ya kufagia uwanja, Asmahani alikata majani mabichi kando ya migomba na kuwapelekea simbilisi wake wawili. Walikuwa wanyama wadogo wasio na mkia, wanene kama viazi, nao waliposikia nyayo zake walipiga mluzi kwa pamoja. Mwaka huo wa 2013 Asmahani alikuwa Darasa la Sita mjini Kibondo. Aliishi na babu yake, Mzee Gharibu, fundi wa baiskeli karibu na soko.

Muhula ule kila mwanafunzi aliagizwa kuleta kazi ya mikono kwa ajili ya maonyesho ya Stadi za Kazi. Asmahani alipeleka nyumba ya simbilisi aliyoitengeneza kwa dumu la plastiki la lita ishirini. Mbele ilikuwa na mlango wa duara, na ubavuni matundu tisa ya hewa, yote yamelingana, kingo zake laini kana kwamba dumu lilizaliwa nayo.

Uzuri ule ndio uliomponza. Mwalimu Makarius alipitisha kidole katika tundu moja, akapitisha katika la pili, kisha akainua uso.

"Nani amekutobolea?"

"Nimetoboa mwenyewe, mwalimu."

"Acha fiksi wewe!" Evaristi alidakia kutoka dawati la nyuma. "Babu yake si fundi? Sisi tunahangaika na misumari, yeye anatobolewa!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu Makarius hakucheka. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alimletea kigoda kilichochongwa na seremala, akaapa kuwa ni chake, na mwalimu akaamini. Hakutaka kudanganywa mara ya pili. Alifungua daftari la alama, akaandika mbele ya jina la Asmahani: Si kazi yake.

"Nakupa mpaka Ijumaa," alisema. "Ukikiri mstarini, nitakusamehe na kukupa nusu ya alama. Ukishupaa, dumu hili halitaingia katika maonyesho."

"Niwie radhi, mwalimu. Siwezi kukiri kosa ambalo sikulitenda."

Njiani kurudi nyumbani, rafiki yake Immakulata alimshika mkono. "Shoga, sema tu samahani, yaishe. Neno moja tu!"

"Neno hilo ni uongo."

"Uongo mdogo."

"Basi kaliseme wewe."

Mzee Gharibu alikuwa akinyoosha ringi iliyopinda. Alisikiliza habari yote bila kuweka spana chini.

"Mimi nililigusa dumu lile?"

"Hapana, Babu. Ulinipa kipande cha bomba la chuma tu."

"Basi sitakuja shuleni. Nikija, watasema fundi amekuja kuitetea kazi yake. Ulichokitoboa kwa mkono wako, kitetee kwa mdomo wako."

Ijumaa ilipofika, Mwalimu Makarius alimwita mbele ya mstari. Asmahani alisimama wima.

"Mwalimu, sikiri. Naomba jiko la mkaa, dumu bovu na mchanga mbichi. Nitatoboa hapa hapa, wote wakiona."

Minong'ono ikazuka. Mwalimu alifikiri kidogo, kisha akaagiza vitu hivyo viletwe. Asmahani alijaza mchanga ndani ya dumu, akachomeka bomba lake alilokuja nalo katika makaa na kusimama upande unakotoka upepo, ili asivute moshi. Wenzake wakaanza kumhesabia kwa makelele: "Moja! Mbili! Tatu!" Alilitoa bomba kwa koleo, akalikandamiza juu ya dumu upesi upesi.

Moshi mweusi ukafuka. Plastiki ikadondoka kama nta, na tundu likajikunja kingo zote.

"Kachemka! Fundi kachemka!"

"Umeona?" mwalimu alisema bila furaha. "Kiri sasa, mwanangu, mambo yaishe."

Asmahani alikuwa na ushahidi mmoja tu, nao aliuonea aibu kuliko vicheko vile. Hata hivyo, alisema, "Hapana, mwalimu. Naomba ruhusa nikalete kitu nyumbani."

Alikimbia hadi kwenye migomba, akafukua majani makavu na kuchomoa dumu jingine. Alikuwa amelificha ili mtu yeyote asilione. Alirudi nalo kichwani, akalitua miguuni pa mwalimu. Lilikuwa na matundu kumi na moja.

"Hili la kwanza nilitumia kisu," alieleza. "Plastiki ikapasuka, na ncha yake ikamkata simbilisi wangu sikio. Hili ni la msumari wa moto. Haya manne, bomba lilikuwa na moto mno, kama leo. Haya matatu, moto ulikuwa sawa, lakini dumu lilikuwa tupu, likabonyea. La kumi nilijaza mchanga mkavu, ukavujia kwenye matundu mengine. Na hili la kumi na moja ni la mchanga mbichi."

Mwalimu Makarius aliinama. Tundu la kwanza lilimchoma kidole. La mwisho lilikuwa laini.

"Na leo, mbona umeharibu?"

"Niliharakisha. Sikupima moto."

"Pima."

Asmahani alichukua kipande cha jani bichi la mgomba alilokuja nalo. Bomba lilipoligusa, jani likaungua na kuwa jeusi. Akangoja. Watoto wakahesabu tena, naye akangoja. Bomba lilipoligusa tena, jani likalia chwii, likabaki na alama ya kahawia tu. Ndipo akaweka bomba juu ya dumu, akalizungusha polepole. Hakukuwa na moshi. Alipoliinua, kiduara cha plastiki kilikuwa kimenasa mdomoni mwa bomba.

Hakuna aliyeendelea kuhesabu.

"Evaristi, njoo uguse."

Evaristi aligusa. "Ni laini, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Wa nyuma hawakusikia."

"Ni laini!"

Mwalimu Makarius akawageukia wanafunzi. "Anayenunua kazi ya fundi hana dumu la makosa nyumbani kwake. Nimewafundisha kwamba mkweli hukiri kosa lake. Kuna nusu ya pili ambayo sikuwafundisha: mkweli hakiri kosa asilolitenda, hata akiahidiwa msamaha. Nilimhukumu Asmahani kabla ya kumwuliza jinsi alivyotoboa. Kosa hilo ni langu, nami nalikiri."

"Ahsante, mwalimu," alisema Asmahani. Kisha akaongeza, "Naomba na yale maneno ya daftarini yafutwe."

Immakulata alijiziba mdomo kwa hofu. Lakini mwalimu alifungua daftari palepale, akapiga mstari, akaandika upya na kusoma kwa sauti: "Kazi yake."

Asmahani aliinama kulichukua dumu la matundu kumi na moja alirudishe mafichoni. Mwalimu akamzuia.

"Hilo liache. Litakaa mezani, mbele ya lile zuri. Usione aibu kwa makosa yaliyokufundisha, binti yangu. Leo umeshitakiwa, na hayo ndiyo yaliyokutetea."