Dawa Mbili za Mama Hawa

Mwaka 1956, Sharifa aliishi Kindu, karibu na reli. Alikaa na mume wake Sudi, mpakiaji wa mizigo, na mama yake, Mama Hawa.

Mama Hawa alikuwa na kifafa. Daktari wa hospitali alimpa vidonge, kimoja kila jioni. Karibu mwaka mzima hakuanguka tena. Alitwanga mpunga, alipika, aligombeza kuku wa jirani.

Kisha kikohozi kikamshika. Hospitali ilikuwa na watu wengi, basi Sharifa akampeleka kwa daktari mwingine, yule wa kambi ya wafanyakazi wa reli.

"Mama yako anakunywa dawa nyingine?" daktari aliuliza.

Sharifa akaangalia chini. Aliwaza: nikimtaja daktari wa hospitali, huyu Mzungu atakasirika, atatufukuza.

"Hapana, Bwana Daktari."

Wakapewa chupa ya dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Sharifa alimpa mama yake dawa ile, na jioni kidonge kama kawaida.

Siku ya kwanza kikohozi kilipungua. Siku ya pili Mama Hawa alisinzia na chakula mkononi.

"Acha apumzike," Sudi akasema.

Siku ya tatu jua lilipanda, naye bado amelala.

"Mama! Mama, amuka!"

Macho yalifunguka kidogo, yakajifunga. Pumzi ilikuja polepole. Ilikawia mpaka Sharifa akadhani imeisha, kisha ikaja tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Majirani wakaingia. Mwanamke mmoja akaanza kulia kama watu wanavyolia msibani. Mwingine akanong'ona kwamba mama amerogwa.

Sudi akakimbia kumwita Ferdinand, infirmie, yaani muuguzi wa hospitali, aliyekaa nyumba ya tatu. Ferdinand akapiga magoti, akahesabu pumzi huku akiangalia saa yake. Uso wake ukabadilika. Haraka akamlaza mama kwa ubavu.

"Alikunywa nini?"

"Vidonge vyake vya kifafa tu."

"Ngapi?"

"Kimoja. Sikuzidisha."

"Dada Sharifa, kidonge kimoja hakiwezi kumulalisha hivi. Iko dawa ingine?"

Pumzi ya Mama Hawa ikakawia tena. Sharifa akaushika mkono wa mama yake.

"Iko," akasema. "Ya kikohozi. Ya daktari wa kambi. Nilimudanganya. Niliogopa atakasirika."

"Leta, mbio!"

Ferdinand akasoma maandishi ya chupa.

"Njo hii iliyomulalisha. Inatuliza kikohozi, lakini inaleta usingizi. Vidonge vya kifafa navyo vinaleta usingizi. Kila daktari alitoa dawa muzuri, lakini mumoja hakujua dawa ya mwenzake. Zikikutana ndani ya muntu, zinaweza kukata pumzi."

"Basi nitazitupa zote ndani ya mto Lualaba!"

"Hapana! Muntu wa kifafa akiacha vidonge mara moja, anaweza kuanguka na asiinuke. Daktari njo atasema. Beba dawa zote, twende."

Wakamlaza Mama Hawa kwenye pusupusu, mkokoteni wa mizigo. Sudi alisukuma. Sharifa alishika kichwa cha mama yake. Kila pumzi ilipokawia, alimwita.

Hospitalini, daktari alizitazama dawa zote mbili, akajua la kufanya. Mama Hawa alilindwa bila kuachwa peke yake. Sharifa alikaa barazani usiku kucha.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Mama Hawa akafungua macho, akaomba uji.

"Ungetuficha chupa hii," Ferdinand akamwambia Sharifa, "tungetafuta ugonjwa mwingine, na mama angetuponyoka."

Daktari alisimamisha dawa ya kikohozi. Vidonge aliviacha viendelee. Lakini kikohozi kilikuwa bado kidogo, na Sharifa akaenda tena kambini. Kabla ya kuulizwa, aliweka vidonge mezani.

"Bwana Daktari, siku ile nilikudanganya. Mama anakunywa hivi kila jioni. Alikaribia kufa."

Daktari akasoma jina la vidonge. Sharifa alingoja kufukuzwa.

"Kaa," daktari akasema.

Akatoa dawa nyingine, isiyoleta usingizi. Akaandika majina ya dawa zote mbili kwenye karatasi moja.

"Kila daktari aione hii. Kila infirmie pia. Hata kama hakuuliza."

Kikohozi kiliisha. Mama Hawa hakuanguka, wala hakusinzia mchana. Miezi miwili baadaye jino lilimuuma, akaenda mwenyewe kwa mng'oa meno.

"Fungua kinywa, mama," yule mtu akasema.

"Ngoja," Mama Hawa akajibu, akifungua pindo la kitenge chake. "Kwanza soma karatasi hii."