Meno Yasiyoshiba

Mama mkwe alikwisha kumeza viazi, lakini meno yake mapya ya bandia yaliendelea kutafuna.

"Mama, huo mdomo au cherehani?" mke wa mwanawe akamtania.

"Ndiyo kuyazoea, mwanangu."

Fundi wa meno alikuwa amemwagiza ale vyakula laini, vipande vidogo, atafune pande zote mbili. Mkwe akaponda kila kitu bila kuchoka, na mama mkwe alisifu hata viazi visivyo na chumvi. Lakini alikula sufuria nzima na bado akakonda. Kinywa kikaanza kunuka udongo mbichi. Mchana kweupe, meno yakiwa kwenye bilauri ya maji, yaligonga kioo: ko, ko, ko.

"Mimi nimeshiba," mama mkwe alinong'ona. "Yenyewe ndiyo hayashibi. Niliyotengenezewa mimi yalinibana fizi. Haya yalikuwa mezani kwa fundi, ya mtu aliyekufa kabla hajayaonja. Nikayajaribu, yakanikaa kama nimezaliwa nayo. Nikayaomba."

Alikuwa amempakata mjukuu mchanga. Akainama kumbusu shavuni kama kawaida yake, na taya likafunguka lenyewe, likapanuka kuliko kinywa cha binadamu, likaivuta shingo yake chini huku machozi yakimtiririka, chini, chini, hata akasukuma kidole chake mwenyewe katikati ya meno na shavu la mtoto, mfupa ukalia kama kuni kavu, naye hakupiga kelele asije akamtisha mtoto.

"Mchukue mwanao," alisema kwa shida. "Mchukue upesi."

Mganga alikuja na koleo. Alipoyashika meno, sauti nzito ilitoka kooni mwa bibi.

"Nina njaa."

"Jini, mtoke bibi huyu."

"Kwa bibi natoka."

Meno yakapasuka vipande viwili. Bibi akapumua, kidole kikiwa kimefungwa kitambaa, akacheka kwa fizi tupu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako. Sembuse meno."

Mkwe alicheka naye, akambusu mkono ule ulioumia, kisha akaketi kumnyonyesha mtoto. Maumivu yakamkata pumzi. Akamtoa haraka, akapitisha kidole ndani ya kinywa kile kidogo: fizi laini, hakuna hata jino.

Kwenye titi lake damu ilichuruzika kutoka alama za safu mbili za meno, ya juu na ya chini, meno ya mtu mzima.

Mtoto akafungua kinywa, akiomba tena.