Mlango Usio na Kitasa Ndani

Walikutana siku ya wageni wengi, pale makumbusho ya magari ya farasi, katikati ya mikokoteni mikuukuu na kelele za watoto wa shule. Binti fundi cherehani, gauni la bluu, futi ya kupimia shingoni, aliingia ndani ya gari moja la kifahari apime kiti kilichochanika. Mgeni mmoja akaubamiza mlango. Na magari yale ya mabwana yana kitasa nje tu. Mtumishi ndiye aliyekuwa akiwafungulia.

Akagonga mpaka vidole vikamuuma. Fundi magurudumu akaja, mikono imejaa grisi.

"Nifungulie, kaka!"

"Nauli umelipa, bibiye?"

"Endelea kucheka, nitakushona huo mdomo!"

Akafungua huku anacheka. Binti akatoka mbio, futi akaisahau kitini. Basi, mapenzi yakaanzia hapo.

Kwa simu walikuwa "mpenzi" na "roho yangu". Lakini Jumapili tatu waliahidiana, na zote binti hakutokea.

"Leo tena siwezi, mpenzi."

"Kama umepata mwingine, sema. Usinizungushe kama gurudumu!"

Fundi akakata simu.

Aibu ndiyo iliyomfunga binti ulimi, asiseme ukweli. Shangazi yake, aliyemlea tangu mama afe, kazini humpeleka na kumrudisha mwenyewe; siku nyingine, kila shangazi akitoka, humfungia nyumbani kwa kufuli, ufunguo kifuani. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita!

Mwezi ukapita. Fundi akaona bora aende kwao akamrudishie futi yake, yaishe. Akagonga.

"Siwezi kufungua," sauti ikatoka ndani. "Kufuli liko huko kwako."

Akaliangalia lile kufuli.

"Tangu lini?"

"Miaka minane."

"Na mimi nikakudhania mabaya! Nisamehe, roho yangu. Nilete nyundo?"

"Usivunje. Ukivunja nitatoka kama mwizi. Mngoje shangazi, ufunguo anao yeye."

Akakaa kizingitini, jua likampiga, mpaka shangazi akaja na kapu lake.

"Wewe nani, umeniziba mlango?"

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuposa."

Shangazi akaweka kapu chini polepole.

"Mama yake nilimwacha atoke, asubuhi kama hii. Nikaletewa maiti."

"Shangazi," binti akasema kule ndani, "nami humu sijaishi."

Ufunguo ulichelewa sana kutoka kifuani. Kufuli likalia. Fundi akanyoosha mkono ausukume mlango, kama siku ile ya kwanza.

"Acha, mpenzi," sauti ikamwambia. "Nafungua mwenyewe."