Tiketi Hukatwa Dirishani

Kila asubuhi ukungu ulishuka Nyabiyonza, ukaifunika migomba mpaka zikabaki ncha za majani tu. Mwaja alifungua duka, akaanika kahawa mkekani, kisha akasimama mlangoni na mtoto mgongoni, akitazama njia ya Bukoba. Njia hiyo ndiyo aliyopitia tarishi, mbeba barua. Katika weupe ule Mwaja alidhani anaona moshi wa gari la moshi, gari lililofika kwao Mombasa baada ya yeye kuolewa, ambalo alikuwa hajapata kuliona maishani mwake.

Kule Mombasa, mama yake, Bi Mwanahalima, alikuwa akipoteza macho. Msafiri mmoja alileta salamu zake mwanzo wa Rajabu. Mama alisema sasa anawaona watu kama walio nyuma ya pazia. Aliomba amwone mjukuu wake, yule aliyepewa jina lake, kabla pazia halijawa zito.

Abdulghani, mumewe Mwaja, hakuikataa safari. Nauli ilikuwa tayari. Lakini alikuwa amekulia katika misafara. Zamani zile, msafara ulipokaribia nchi ya mtawala, haukuingia hivi hivi. Watu walipiga kambi, wakatuma barua mbele pamoja na zawadi, wakangoja kukaribishwa. Basi na reli aliifanyia adabu ileile. Alimwandikia mwenye gari la moshi barua ndefu, akataja ukoo wake, akaomba nafasi. Akaambatanisha kifurushi cha kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri. Kisha akangoja tiketi ziletwe na tarishi.

Rajabu ikapita. Shaabani ikafika katikati. Tarishi alileta barua za wengine.

Alasiri moja jirani yao Adija alikuja kununua chumvi. Adija alikuwa mjane. Alikaa Kisumu miaka minne akiuza vitumbua mbele ya stesheni, kisha akarudi kwao. Alimkuta Mwaja anatazama njia, akamuuliza anamngoja nani. Mwaja akamweleza yote, mpaka habari ya macho ya mama yake.

Adija akamgeukia Abdulghani.

"Shemeji, hiyo barua ulimwandikia nani?"

"Mwenye gari la moshi."

"Anaitwa nani?"

Abdulghani akaanza kupanga vibaba vya chumvi vilivyokwisha kupangwa.

"Kahawa yako inatafunwa na watu wa njiani," Adija akasema. "Gari la moshi si mtawala, shemeji. Halingoji zawadi. Tiketi hukatwa dirishani."

Akaketi, akawaeleza polepole. Kutoka Bukoba watapanda meli. Tiketi ya meli wataikata palepale Bukoba, kwa karani wa meli. Wakishuka Kisumu, wataona stesheni karibu na ziwa. Ukutani pana dirisha dogo, na nyuma yake ameketi karani. Wafike mapema, wakae kwenye mstari. Wamwambie karani mambo matatu: wanakokwenda, wako wangapi, na daraja gani. Wasiondoke dirishani kabla ya kutazama tiketi na chenji. Asiyejua kusoma amwombe karani amsomee.

"Na mtu asipoweza kwenda mwenyewe mapema?" Mwaja akauliza.

"Humtuma anayemwamini, aliyetangulia. Amkatie, amwekee. Ila awe unayemjua, si mtu wa kukutana naye njiani."

"Yaani hakuna ruhusa ya kungojea?" Mwaja akauliza tena.

"Ruhusa ni nauli yako, ndugu yangu."

Siku ya tatu wakaondoka. Duka likabaki mikononi mwa Adija. Walitembea siku kadhaa kati ya migomba na vilima, wakapanda meli, na ziwa likawabeba kama watu waliolala. Mwaja hakulala. Aliogopa kufumba macho, kana kwamba macho ya mama yake yangefumba pamoja na yake.

Kisumu, dirisha lilikuwepo, dogo kweli. Abdulghani akatangulia, akakohoa, akaanza kumweleza karani ukoo wake tangu kwa babu. Watu wa nyuma wakacheka. Mwaja akasogea begani pake.

"Mombasa," akasema. "Watu wazima wawili na mtoto wa kubebwa. Daraja la tatu."

Karani akapiga muhuri. Vipande viwili vya karatasi ngumu vikapita chini ya dirisha. Karani akamsomea Mwaja, naye akavifunga katika ncha ya kanga. Kumbe kitu walichokingoja miezi miwili kilikuwa chepesi hivi.

Ramadhani ilikuwa changa walipobisha hodi Mombasa. Bi Mwanahalima alimchukua mtoto, akatoka naye mpaka kizingitini, penye mwanga. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule. Mtoto akacheka, na bibi yake akaleta uso karibu kabisa.

Tangu hapo, mtu yeyote wa Nyabiyonza akitaka kusafiri, Abdulghani humwambia asipoteze wino, aende dirishani. Humwambia kwa uzito, kana kwamba aliligundua yeye. Adija husikia, huku akitafuna kahawa yake.

Mwaka uliofuata tarishi alisimama dukani. Safari hii barua ilikuwa yao. Bi Mwanahalima alikuwa amemwomba jirani amwandikie: "Siku hizi mlango siuoni tena. Lakini mjukuu wangu ana kishimo shavu la kushoto, akicheka. Hicho nakiona kila siku."