Nauli ya Evaristo

"Thelathini na sita!" Obdulia alinisukumia hela kifuani. "Nauli ya watu wawili. Pokea, Sindo, usinitie aibu mbele ya wageni."

"Kumi na nane," nikasema. "Kichwa kimoja, kumi na nane. Na mimi hapa naona kichwa kimoja."

"Nimekwenda kumchukua kaka yangu asubuhi. Nimegonga kaburi mara tatu, nikamwambia, Evaristo, inuka, leo ndiyo siku ya Teixido. Yuko hapa, kando yangu."

"Basi akae! Nani kamkataza? Mimi siuzi hewa, Bi Obdulia. Nauza viti kwa watu wenye makalio."

Wageni wakacheka. Walikuwa sita, wote wa Madrid, wamevaa viatu vipya vya kupandia milima. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Mencía, alikuwa amepiga picha kila kitu tangu asubuhi: ngome, daraja la mawe, hata mbwa wangu. Akainua simu atupige na sisi.

Huku kwetu, asiyekwenda kwa Mtakatifu Andrea wa Teixido akiwa hai, atakwenda akiwa maiti. Hilo halina mjadala. Asipopelekwa na ndugu zake hujipeleka mwenyewe, kwa kutambaa, ndani ya mwili wa mjusi au chura, na safari humchukua miaka. Ndiyo maana ndugu huenda makaburini kumwalika, humlipia kiti, na kile kiti huachwa kitupu. Baba yangu aliendesha njia hiyohiyo, na alizipokea nauli za namna hiyo bila kupepesa macho.

Mimi sijawahi. Shule niliiacha na miaka kumi na mitatu. Injini nilijifunza nikiwa nimelala chini yake, na hesabu nilijifunza kwa kudhulumiwa. Kumtoza bibi kizee kiti kisichokaliwa, kwangu ni wizi.

Hiyo ndiyo sababu niliyoisema.

Ile nyingine sikuisema. Mwaka jana, mwezi wa kumi, Evaristo alinijia na fimbo yake, anakohoa. "Sindo, nipeleke Teixido." Msimu wa wageni ulikuwa umechanganya, gari limejaa kila siku. Nikamwambia, wiki ijayo, Evaristo. Akarudi. Wiki ijayo. Akarudi tena. Wiki ijayo, bwana wee, huoni nina kazi? Kabla ya Krismasi tukamzika.

Sasa dada yake alikuwa amenyoosha kiganja. Hela zake yeye zilikuwa noti mbili na sarafu tatu. Za kaka yake zilikuwa sarafu tupu, kumi na nane, za euro moja moja. Zilinuka tumbaku. Nililijua kopo zilimotoka, lile la tumbaku la Evaristo.

Nikachukua za kwake. Zile nyingine nikazisukuma. Hasira zangu mnazijua. Mkono ulikwenda kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Sarafu zikatawanyika barabarani.

Mencía akashusha simu.

Obdulia aliinama akaziokota moja moja, mpaka ya mwisho. Akazifunga kwenye leso. Hakupandisha sauti.

"Ningemlipia angekuwa abiria, angeshuka kanisani kama abiria," akasema. "Sasa umemfanya mgeni wako. Mgeni wako atashuka utakaposhuka wewe."

"Panda gari, mama. Ukungu unakuja."

Tukaondoka kwetu Cedeira saa kumi jioni. Gari langu lina viti tisa, pamoja na changu. Watu saba nyuma yangu. Kiti kimoja kitupu, kule mwisho, kando ya Obdulia. Mencía akaweka begi lake juu yake.

"Hapo sipo pa begi, binti," Obdulia akamwambia.

"Mwache aliweke!" nikasema kutoka mbele. "Kiti changu hicho."

Kona ya tatu, kengele ya mkanda ikaanza.

Ti... ti... ti...

Gari hili hulia mtu akikaa bila kufunga mkanda. Nikatazama dashibodi. Taa ndogo nyekundu. Kiti cha mwisho.

"Toeni hilo begi, linadanganya gari."

"Begi liko chini," Mencía akasema. "Limeanguka." Kisha, taratibu: "Mbona limelowa?"

Mvua haikuwa imenyesha siku nne.

Ti... ti... ti...

Kukaja na harufu. Udongo uliofukuliwa. Nta ya mshumaa. Na chini yake, kidogo tu, tumbaku.

Nikafungua dirisha.

Juu majabalini nikasimamisha gari penye kibanda cha mawe cha walinzi wa zamani wa pwani, maana wageni walikuwa wamelipia kuiona bahari kutoka pale. Bahari haikuonekana. Ukungu ulikuwa umepanda ukutani mwa jabali ukafunika kila kitu. Tulisikia mawimbi tu, chini kabisa. Farasi wa mlimani walikuwa wamesimama karibu na njia, kama kumi hivi. Hao hawaogopi watu, huwa wanakuja kuomba mkate. Siku ile waligeuka wote kwa pamoja, wakatupa migongo, wakaondoka.

Mimi huhesabu watu kila kituo. Ukingo wa jabali lile hauna uzio, na sipendi kurudi na watu pungufu. Obdulia alibaki garini. Kwa hiyo nje walipaswa kuwa sita.

Nikahesabu vivuli kwenye ukungu. Saba.

Nikahesabu tena, kwa kidole.

Saba.

Wa saba alikuwa amesimama mbali kidogo na wenzake, ameegemea kitu. Hakuwa akitazama bahari. Alikuwa akinitazama mimi.

"Garini!" nikapiga kelele. "Wote garini, haraka!"

"Dakika mbili hata hazijafika, bwana!" mume wa Mencía akalalamika. "Tumelipia..."

"Nitakurudishia! Panda!"

Wakapanda. Sita. Kengele ikaanza kabla sijawasha injini.

Teixido tulifika taa za kanisa zikiwa zimewashwa. Wageni wakakimbilia vibanda vinavyouza vijisanamu vya unga wa mkate. Hawakuwa na hamu ya picha tena. Obdulia alifungua mlango wa nyuma, akasimama pale na mshumaa, akazungumza na kile kiti kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto.

"Tumefika, Evaristo. Shuka. Njoo, shika mkono wangu. Shuka, kaka."

Ti... ti... ti...

Injini ilikuwa imezimwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Alimsihi kwa muda mrefu. Mwishowe akaenda peke yake kwenye chemchemi. Nikamfuata, sijui kwa nini. Alimega mkate, akautupa majini. Ukielea, Mtakatifu amekubali. Mkate wa Obdulia haukuelea hata kidogo. Ulikwenda chini kama kokoto.

Akaanza kulia. Mwanamke yule sikuwahi kumwona analia, hata siku ya mazishi.

"Nilimwahidi," akaninong'oneza. "Mkono wake ukiwa mkononi mwangu, nilimwahidi kuwa hatatambaa."

Nilisema, "Twende, giza linaingia." Hicho ndicho nilichosema.

Tukarudi Cedeira. Obdulia alishuka mwanzo wa kijiji bila kuniaga. Wageni nikawashusha kwenye nyumba yao ya kulala. Mencía aliliacha begi. Nilimwita, akakataa kurudi kulichukua.

Nikabaki peke yangu, mwendo wa dakika tano mpaka kwangu.

Ti... ti... ti...

"Nyamaza!" nikapiga dashibodi kwa ngumi. "Nyamaza, nimesema!"

Ikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya zaidi. Ndani yake nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kile kirefu, chenye mluzi mwishoni. Nilikisikia mara tatu mwaka jana, mlangoni pangu.

Sikutazama kioo. Nawaambia kweli, sikutazama.

"Evaristo?"

Pumzi baridi ikanigusa shingoni. Na sauti, ya chini sana, ya upole, bila kinyongo chochote:

"Ndiyo wiki ijayo hii, Sindo?"

Nilishuka gari likiwa bado linatembea. Likaenda likaegemea ukuta wa shamba. Nyumbani sikwenda. Niliwaza jiko langu, meza, viti viwili, na nani angekaa kile cha pili. Nikageuka nikashika njia ya kwa Obdulia kwa miguu.

Nyuma yangu, kwenye mawe ya barabara, fimbo.

Tok.

Nikiharakisha, inaharakisha. Nikisimama...

Tok.

Nilipiga mlango wa Obdulia kwa mikono yote miwili. Alifungua akiwa na aproni, supu inanukia ndani. Ile leso ilikuwa mezani, imefungwa bado.

Hakunitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, uso wake ukalainika.

"Masikini," akasema. "Nani kakuacha ulowe hivyo?"

"Bi Obdulia..."

"Wewe ngoja." Akahamishia macho kwangu, na macho hayo hayakuwa laini. "Unataka nini? Si umesema huuzi hewa? Si umezimwaga hela za marehemu barabarani, nikaziokota mbele ya wageni kama kuku?"

"Nilikosea."

"Alikuomba mara tatu."

"Najua. Kesho asubuhi nampeleka. Gari tupu, yeye na wewe. Akae mbele akitaka."

"Kesho." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika. "Na mimi nitajuaje kwamba kesho yako si ile wiki yako ijayo?"

Shingoni, pumzi baridi. Fimbo ikagusa kisigino changu, polepole, kama anayebisha hodi.

Sijawahi kuomba hela ya mtu maisha yangu yote. Nilinyoosha kiganja.

"Nipe kumi na nane zangu," nikasema. "Za Evaristo, awe abiria. Zote, sasa hivi."