Mikeka Aliyoichora Hadia

"Yasser, unafunga tena? Si nilikuambia leo nakwenda kwa shangazi?"

"Utakwenda Jumapili. Nitakupeleka mwenyewe."

"Jumapili iliyopita ulisema hivyohivyo."

Yasser alicheka kwa upole, akamshika mkewe shavu.

"Mke wangu, mji huu una macho. Nakufungia kwa sababu nakupenda. Mchoro wa Mama Bernadetha umeisha?"

"Umeisha."

"Nirushie kwenye simu."

Akatoka. Geti likagonga, kufuli likalia kwa nje. Hadia akabaki amesimama uani, anatazama ukuta.

Walikuwa wamependana kweli. Hadia alikuwa anasoma kompyuta chuoni, akawa anaingia kwenye duka la Yasser pale mtaa wa Kashaulili kupiga picha mikeka. Alijifunza lugha ya kompyuta ya kuchorea: unaandika amri, nenda mbele, geuka kulia, badili rangi, rudia tena, na kompyuta inajaza kioo kizima maua ya mkeka. Yasser angeacha wateja wamesimama, aje kuangalia.

"Ukibadili hapa je?"

"Neno moja tu. Ona, mkeka mzima umegeuka."

"Hadia, wewe ni mchawi!"

Wakaoana. Mwanzoni alimkataza chuo, wanaume ni wengi. Kisha sokoni. Kisha kwa shangazi yake. Kompyuta aliachiwa, maana haina miguu. Kila siku alichora, Yasser akachapisha karatasi, wasukaji wakazifuata ukili kwa ukili, utepe mmoja wa mkeka baada ya mwingine. Hadia hakuwahi kuuona hata mkeka mmoja uliotoka kwenye michoro yake.

Asubuhi hiyo, Yasser akiwa ameshaondoka, mtu aligonga dirisha la uchochoroni. Alikuwa Emelyne, msukaji kutoka Katumba, kajifunga kitenge kichwani.

"Dada, hodi. Shemeji yupo? Nimekwama kwenye kona ya ua la zambarau."

"Kaenda dukani. Hiyo kona unaruka ukili mmoja mweupe, ndiyo unageuka."

Emelyne akamkodolea macho kupitia nondo za dirisha.

"Umejuaje?"

"Si nimechora mimi."

"Wewe? Shemeji anatuambia anachora mwenyewe! Anasema alisomea Dar." Akatoa simu, akaibandika kwenye nondo. "Ona, picha ya maonyesho."

Yasser alikuwa kasimama kifua mbele, nyuma yake umetundikwa mkeka wenye nyota za kijani na chungwa. Hadia aliujua mkeka wake kabla hajausoma ubao uliokuwa chini yake: *Mbunifu: Yasser.*

"Dada, mbona hufungui mlango tukaongea vizuri?"

"Siwezi. Funguo anazo yeye."

Emelyne akaingiza vidole kwenye nondo, akamshika mkono.

Mchana simu ya Hadia iliita.

"Hadia, fanya haraka," Yasser alinong'ona. "Mama Bernadetha yupo hapa dukani. Anataka mikeka ya hoteli yake yote, lakini anataka kuona ua likiwa kubwa, na nyekundu iwe bluu. Anasubiri."

"Mbadilishie."

"Usinitanie."

"Si wewe mbunifu? Ulisomea Dar."

Upande wa pili ilisikika sauti ya Mama Bernadetha ikiuliza, "Kijana, vipi?"

"Tutaongea nyumbani. Nitumie sasa hivi!"

"Situmi. Njoo unifungulie, nije nibadilishe mbele yake."

Akakata. Simu ikaita, ikaita tena, hakupokea. Ikaingia meseji: *Usiniaibishe mke wangu nakuomba.* Akajibu: *Njoo na ufunguo.*

Yasser alikuja na bodaboda, jasho linamtiririka. Akafungua geti, Hadia akapanda, kompyuta mkononi.

Dukani Hadia aliweka kompyuta juu ya kaunta, akaandika amri mbili tatu. Ua likatanuka, nyekundu yote ikawa bluu. Mama Bernadetha akapiga makofi.

"Hiki ndicho nilichotaka! Yasser, huyu binti ni nani?"

Hadia aliinua macho, akamtazama mumewe. Hata hapo alikuwa bado anamwombea aseme ukweli.

"Ni... ni msaidizi wangu, mama."

"Naitwa Hadia," akasema taratibu. "Ni mke wake. Michoro yote ni yangu, mama. Huwa nachora nikiwa nimefungiwa kwa nje."

"Yasser, ni kweli?"

Yasser aliinamisha kichwa. Hadia akaifunga kompyuta, akaikumbatia, akatoka kwenye jua la mchana. Alitembea mpaka kwa shangazi yake, Mwanaiddi, na hakuna aliyemzuia.

Siku ya pili Yasser akaja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa hapo. Mke wako atazungumza akitaka."

Hadia alikaa mkekani, mbali naye.

"Nisamehe," Yasser alisema. "Kufuli nimelitupa. Mama Bernadetha nimemweleza ukweli wote."

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Niliogopa. Kila nikikuona unachora, najua huna haja na mtu kama mimi. Nikasema watu wakikujua, utaniacha."

"Yasser, mimi nilikupenda. Ungeacha geti wazi, kila jioni ungenikuta ndani nakusubiri."

"Basi turudi. Sitakufungia tena, wallahi."

"Nakuamini." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Lakini kila ukitoka nitatega sikio nisikie kama kufuli limelia. Siwezi kuishi natega sikio. Naomba talaka yangu."

"Hadia..."

"Kama kweli unanipenda, nifungulie na hili."

Yasser alilia mbele ya shangazi bila kuona haya. Kisha akaitamka talaka, sauti imekatika, akatoka hata viatu hajavivaa sawasawa.

Shangazi Mwanaiddi alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alimkuta Hadia kajifunika uso kwa mtandio.

"Unamlilia?"

"Namlilia, shangazi. Nilimpenda."

"Lia, mwanangu. Eda yako utaikalia hapa kwangu, mlango uko wazi." Akaketi karibu yake, akamvuta kichwa begani. "Na yule Emelyne yupo jikoni tangu asubuhi. Kaja na wenzake, wanataka uwafundishe hiyo kompyuta. Nimewaambia wasubiri kwanza."

Hadia akavuta pumzi, akashusha mtandio.

"Waambie waingie."